Shimo Katika Wimbo wa Mwavuli

Jumatatu, 10 Machi

Kwa Baba Sindano, mtangazaji wa kipindi cha Miaka Ile,

Salamu nyingi. Mimi ni opereta wa simu mstaafu. Miaka ishirini na minne nilikaa mbele ya swichibodi nikiwaunganisha watu, na kazi hiyo ilinifundisha kumjua mtu kwa sauti kabla hajasema yeye ni nani. Yako naijua hata ukikohoa. Mwezi uliopita ulikuwa na mafua na ukajifanya huna.

Nyumbani kwangu, Jumapili saa nne asubuhi, hapapikwi wala hapafagiwi. Mgeni akibisha hodi, ama aingie anyamaze, ama arudi saa sita. Ni wewe, muziki wako wa roki na soul, kinanda kile kizito, na magita yanayolalamika kama yamenyimwa haki yao. Mimi na mzee wangu tumekuwa hivyo tangu kipindi kianze, na kilipoanza hatukuwa wazee.

Sasa malalamiko. Jana ulifungua kipindi kwa wimbo wa mwavuli kama kawaida, ule wa sabini na moja, wa bwana aliyesimama mvuani na mwavuli mmoja akimngoja msichana. Wimbo ule tunaujua. Beti ya pili ikikaribia mwisho, santuri yenu inaruka, tk! na tarumbeta zinaingia. Tumeuimba hivyo miaka ishirini na sita. Fundi viatu wa mtaani kwetu akiuimba anaruka palepale, na yeye hana hata redio, ameudaka dirishani kwetu. Jana haukuruka. Uliendelea tu, mara mwanamke nisiyemjua akaingia anacheka, kama mtu aliyekuja kukaa kwenye kiti cha mwenyewe.

Naomba mturudishie ule wa zamani, Jumapili ijayo ikiwezekana. Nina sababu yangu.

Wako,
Opereta


Jumatano, 19 Machi

Kwa Bi. Opereta,

Baba Sindano amepokea barua yako na anakushukuru kwa kumuulizia mafua. Ameniagiza nijibu kwa niaba yake, kama ninavyozijibu barua zote.

Mimi ni mtunza santuri wa kituo hiki. Ninazo santuri elfu nne mia tatu na kumi na mbili, kila moja na namba yake na mfuko wake. Unayoitaja ni namba 318. Ni kweli ilikuwa na mkwaruzo, na mkwaruzo huo umekuwa aibu ya kipindi kwa miaka yote uliyoihesabu. Nimetafuta nakala safi bila kuchoka. Nimeandika barua kwa wenye maduka, kwa kumbi za dansi, kwa mabaharia. Mwezi wa Februari niliipata kwa mjane wa mwenye hoteli iliyofungwa, aliyeihifadhi ndani ya shuka. Nilirudi nayo nimeipakata magotini safari nzima.

Kwa hiyo utaelewa kwamba barua yako imenishangaza. Hatujapokea malalamiko mengine. Wimbo sasa unasikika kama walivyourekodi wenyewe, na kituo hakiwezi kurudi kwenye kasoro ili kumridhisha msikilizaji mmoja.

Nakutakia usikilizaji mwema.

Mtunza Santuri,
kwa niaba ya Baba Sindano


Jumatatu, 24 Machi

Ndugu Mtunza Santuri,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika nikaitupa juu ya friji. Mara ya pili nikaona kosa ni langu. Nilikuandikia kama mtu anayelalamikia chumvi, nawe ukanijibu kama mpishi. Ngoja nikwambie lililopo.

Mume wangu ni mchora vibao. Mtaa mzima unamwita Herufi. Kinyozi, duka la dawa, Marufuku Kuegesha Hapa, yote ni mkono wake. Mwezi wa Agosti alikuwa juu ya ngazi akimalizia kibao cha fundi saa. Akashuka taratibu, akaiweka brashi kwenye kopo, akakaa chini. Fundi saa alidhani anapumzika. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ukaenda, na maneno yakaenda yote. Mtu ambaye hakuweza kununua msumari bila kubishana na mwenye duka, leo hawezi kuniomba maji. Anafungua mdomo, naona kabisa neno limefika, halafu halitoki. Tunabaki tunatazamana.

Alitoka hospitali mwezi wa Novemba. Jumapili ya kwanza nyumbani niliwasha redio kwa mazoea tu, nikawa namkata kucha. Mkaanza na wimbo wa mwavuli. Nikasikia sauti yake. Ndugu yangu, nilidhani nimepagawa. Herufi anaimba! Maneno yote, kwa Kizungu, na Kizungu chake ni cha kuandika milangoni tu. Hawezi kuniomba maji, lakini anaweza kumlalamikia msichana wa watu kwa nini amechelewa. Alipofika pale akaruka pamoja na santuri, tk, akaingia na tarumbeta. Nilimkata kidole na wala hakusikia.

Mtaalamu wa matamshi hospitalini aliniambia mambo hayo hutokea, kwamba nyimbo zina chumba chao kichwani. Akasema aimbe kila wiki, maana huenda na maneno ya kawaida yakafuata. Huenda. Akasema pia mwaka wa kwanza ndio wenye matumaini zaidi. Tumeshatumia miezi saba. Mimi sitaki makubwa. Nataka kusikia neno moja ambalo halimo kwenye wimbo, liwe lake.

Juu ya wimbo wa mwavuli aliongeza nyimbo nyingine nne, lakini huo ndio unaomwasha. Bila huo haanzi. Tarehe 9 aliimba mpaka pale, akaruka, na santuri haikuruka. Yeye yuko kwenye tarumbeta, redioni mwanamke anacheka. Akasimama. Akajaribu tena. Akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akapiga meza kwa mkono wa kushoto, akalia. Jumapili mbili zilizofuata hakuufungua mdomo kwa wimbo wowote. Wifi yangu, dada yake mkubwa aliyekuja kunisaidia siku tatu na sasa ana miezi saba, anasema redio inamtesa ndugu yake. Juzi aliificha kabatini chini ya mablanketi. Nimeitoa.

Sitaki mumtaje hewani, ataona haya. Nataka tu mkwaruzo wetu.

Opereta


Jumatatu, 31 Machi

Dada yangu Opereta,

Nisamehe. Sina maneno mazuri zaidi ya hilo. Barua hii naiandika kwa jina langu mwenyewe, si kwa niaba ya mtu. Na nikwambie kitu: katika miaka yangu yote hapa, wewe ndiye msikilizaji wa kwanza kuandika bahasha yenye jina la Mtunza Santuri. Dada wa mapokezi alidhani imepotea njia.

Kwa kuwa umeniambia lako, nami nakwambia langu, ambalo hajui mtu. Mkwaruzo ule niliuweka mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, wiki ya tatu kazini. Santuri ilikuwa mpya kabisa, Baba Sindano mwenyewe kaileta asubuhi ile kutoka dukani kwa rafiki yake. Saa ya chakula cha mchana wakubwa walitoka. Nikafunga mlango wa maktaba nikaiweka kwenye gramafoni. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama kile. Nikacheza, dada, nikacheza kati ya rafu na tai shingoni. Nikajizungusha, na kiwiko kikaupiga mkono wa gramafoni. Ulitoa sauti ambayo naisikia mpaka leo.

Nikasema imetoka dukani hivyo. Baba Sindano alikwenda kwa rafiki yake wakagombana, kila mmoja akiapa. Wamepishana njiani miaka ishirini na sita bila salamu. Mwenye duka amezeeka, bado anafungua duka lake. Mimi huwa napita barabara ya nyuma. Sasa unajua kwa nini niliitafuta nakala safi hivyo. Nilidhani nikiipata, kosa langu litafutika.

Na hapa pana tatizo. Siku ile nilipoirudisha nakala safi, niliitia ile ya zamani kwenye boksi la santuri mbovu. Maboksi hayo huchukuliwa na dada wa mapokezi. Huzipasha santuri moto kwenye jiko la oveni hadi zilegee, akazikunja kuwa mabakuli ya matunda. Anawagawia watu kwenye harusi. Nyumbani kwangu ninayo mawili.

Hayupo, yuko likizo hadi wiki ijayo. Nimebisha kwake, pamefungwa. Nitabisha tena.

Mtunza Santuri


Jumatatu, 7 Aprili

Ndugu yangu,

Nilicheka peke yangu jikoni nilipofika kwenye tai shingoni. Wifi akauliza kuna nini, nikamwambia kuna mtu alicheza akavunja kitu. Akasema ndiyo hasara ya muziki.

Kijana wa miaka ishirini na miwili akisikia tarumbeta zile na asijizungushe, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali. Lakini barabara ya nyuma, ndugu yangu, miaka ishirini na sita? Viatu vyako vimechoka kukuficha.

Jana Herufi aliposikia mwavuli unaanza, alikigeuza kiti akaipa redio mgongo. Akageuka ukutani, akakaa hivyo saa mbili zote. Sikuizima. Sijui kama nilifanya vizuri.

Umeipata? Niambie ukweli hata kama imeshakuwa bakuli.

Opereta


Jumatano, 16 Aprili

Dada yangu,

Ninayo. Iko hapa mezani, nimeiwekea kitabu juu ili isiondoke.

Dada wa mapokezi alirudi Jumamosi. Nilifika kwake nikakuta oveni imeshawashwa, na boksi liko sakafuni. Namba 318 ilikuwa ya tatu kutoka juu. Ya kwanza ilikuwa tayari bakuli, hotuba za kufungua viwanda, hakuna atakayeililia. Nilimwambia nahitaji santuri hii kwa ajili ya mgonjwa. Alinitazama, akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Jumatatu nikampelekea Baba Sindano. Akakataa. Alisema amevumilia aibu ile nusu ya maisha yake na hatairudia kwa hiari. Nikamsomea barua yako ya tarehe 24, naomba radhi kwa hilo, lakini sikumtaja mumeo hata kwa jina la utani. Akasema anamhurumia mgonjwa, lakini iweje kituo kizima kitetee uzembe wa muuza duka. Hapo nikaona siwezi kuendelea. Nikamwambia muuza duka hana kosa. Nikamweleza yote, na tai, na kiwiko.

Dada, unaijua sauti yake. Hujausikia ukimya wake. Alichukua kofia yake akatoka katikati ya siku ya kazi. Nilijua anakokwenda, dukani kwa yule rafiki. Nilikaa hapa nikizifuta vumbi santuri ambazo hazina vumbi. Alirudi baada ya saa mbili, macho mekundu, na mkononi ana soda mbili, moja akaniwekea mbele yangu. Akasema, "Ameniuliza nimekuwa wapi siku zote hizi. Nimemwambia, nakungoja wewe, mjinga." Sijui nani alikuwa mjinga kati yao, sikuuliza. Kisha akasema, "Tutaicheza tarehe 27, kwa kuwa nyimbo za Jumapili hii zimeshapangwa. Na wewe utakaa studio, uisikilize ukiaibika."

Kuna jambo jingine. Yule mwanamke uliyemlalamikia katika barua ya kwanza, anayeingia anacheka, hukuuliza ni nani. Nami sikujua mpaka nilipopata nakala safi. Ndiye msichana mwenyewe. Katika ile mistari niliyoikwaruza, anafika. Amelowa chapachapa, anacheka, anaimba maneno machache tu, halafu tarumbeta. Miaka yote tulidhani yule bwana alingoja bure. Mimi ndiye niliyemkatia.

Mtunza Santuri


Jumatatu, 28 Aprili

Ndugu yangu, ndugu yangu,

Ameimba.

Nilimsikia Baba Sindano akisema, "Leo tunarudi nyumbani kupitia mlango wa zamani, mwenye miguu na aruke." Akaiweka. Kiti bado kilikuwa kimegeukia ukuta. Beti ya kwanza, kimya. Kiitikio, kimya, lakini naona kidole cha mkono wa kushoto kinagonga kwenye paja. Beti ya pili akaingia katikati, sauti imekwaruza kwa kukaa bure. Ikafika, tk, akaruka nayo sawia, akatua kwenye tarumbeta kama mtu anayeruka mfereji wa nyumbani kwao. Nje dirishani fundi viatu akaruka naye. Wifi yangu, asiyependa redio, alikuwa anachambua mchele, na kichwa kinamtikisika. Nilimwona. Atakataa, lakini nilimwona.

Nilikigeuza kiti mwenyewe akatazama mbele. Akaimba nyimbo sita. Sita! Mwambie Baba Sindano ule wa mapigo ya polepole, wenye ngoma kama moyo, aurudie. Huo ni mpya kwake.

Sasa nisikilize, na usinione mkosa shukrani. Saa sita ikafika, kipindi kikaisha, nikamuuliza, "Herufi, nikuletee chai?" Akafungua mdomo. Akajaribu. Jasho likamtoka. Hakuna. Niliileta chai tukanywa. Nikaona aibu kwamba mtu amenipa kikubwa hivi na bado nataka kingine. Lakini ndivyo nilivyo, nataka kingine. Nataka anibishie. Zamani alikuwa akirudi kazini ananipigia simu swichibodini kutoka duka la jirani, hatua thelathini kutoka mlangoni kwetu, ili tu aniulize kwa sauti ya kibwana, "Opereta, niunganishe na mke wangu." Ninamwambia, "Subiri, ana kazi." Miaka yote hiyo. Ninapokaa naye sasa nasubiri, na laini haina mtu.

Mtaalamu anasema tuendelee. Imebaki miezi mitatu na kidogo katika ule mwaka wake.

Sikumwambia Herufi kuhusu msichana kufika. Nilitaka, halafu nikaona si habari ya kupewa na mtu mwingine.

Opereta


Jumapili, 18 Mei, saa tano asubuhi

Dada yangu,

Naandika kipindi kikiwa bado hewani. Kalamu inakimbia, utanisamehe mwandiko.

Tangu tarehe 27 tumepata barua thelathini na nne. Watu wanashukuru kurudishiwa shimo lao. Mmoja anasema alimposa mkewe kwenye ule mruko, na kwamba nakala safi ilimfanya ahisi ameoa mtu mwingine. Baba Sindano anazisoma kwa sauti korido nzima. Nikafurahi mno, na furaha ikanifanya mpumbavu. Wiki hii nilizitia santuri zote mbili, ya zamani na safi, katika mfuko mmoja wa 318. Nilijiambia zimetafutana sana, zikae pamoja. Huo ndio upuuzi wa mtu aliyezeekea kati ya rafu.

Leo nimetoa moja nikampa Baba Sindano bila kuigeuza kwenye mwanga. Nilikuwa nazungumza. Imefika beti ya pili, nikangoja iruke. Haikuruka. Nilimsikia yule mwanamke anacheka, nikajua anacheka ndani ya chumba chenu.

Baba Sindano aliniona uso wangu kupitia kioo, lakini huwezi kuuondoa wimbo katikati. Nimemwambia mumeo ndiye yule mgonjwa. Amesema tungekuwa na namba yako ya simu angekupigia mwenyewe sasa hivi. Opereta asiye na simu, hilo nalo nimelijua leo.

Kama ameugeukia ukuta tena, ni kiwiko changu kwa mara ya pili. Niambie la kufanya. Chochote.

Mtunza Santuri


Jumatatu, 19 Mei

Ndugu yangu Mtunza Santuri,

Bila shaka barua yako iko njiani sasa hivi, imejaa samahani. Nakujua. Ikifika nitaisoma, lakini kwanza soma hii, tena ukae chini.

Jana ulikosea santuri. Niliijua kabla ya beti ya kwanza kuisha, haina ile mivumo ya chini kama mafuta yanayokaanga. Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni la nguo. Nikasema, Mungu wangu, nikimbie nikaizime. Nikakimbia na povu mpaka viwiko. Herufi alikuwa anaimba vizuri tu, amefumba macho. Nimenyoosha mkono kwenye swichi, na yeye akafumbua macho, akainua ule mkono wa kushoto, kiganja kikiwa wazi, akanizuia. Naye ameisikia, ndugu yangu. Alijua si ile.

Basi nikasimama pale nachuruzika maji sakafuni. Ikafika mahali petu. Hakuruka. Alifunga mdomo akasikiliza. Yule mwanamke akaingia, akacheka, akaimba maneno yake machache, tarumbeta zikapiga. Herufi hakuzifuata. Alibaki anaitazama redio kama anavyotazama kibao cha mchoraji mwingine akakuta ni kizuri. Wimbo ukaisha. Baba Sindano akaanza kuongea, amechanganyikiwa, anataja saa kimakosa. Na mume wangu akasema,

"Kumbe."

Hakuimba. Alisema. Sauti ya chini, ya kwake, ile ya kununulia misumari.

Nikapiga magoti mbele ya kiti na povu langu nikamuuliza, "Kumbe nini, Herufi? Kumbe nini, baba?" Akafungua mdomo. Mlicheza wimbo mwingine mzima, na tangazo la sabuni, na yeye bado yuko kwenye kazi hiyo, mishipa ya shingo imesimama, mimi sithubutu hata kumfuta jasho. Halafu kikatoka kipande kwa kipande.

"Kumbe. A-li-ku-ja."

Wifi yangu alikuwa mlango wa jikoni. Akasema, "Nani kaja?" Akaenda kufungua mlango wa mbele kumtazama mgeni. Akachungulia huku, akachungulia kule. Akarudi amenuna, "Mbona hakuna mtu?" Halafu akasikia mwenyewe alichokuwa amejibu, na ni nani aliyesema, akakaa chini palepale sakafuni kwenye maji yangu. Herufi alicheka mpaka akakohoa. Sisi wawili tulilia, na wifi ndiye aliyeanza, usimsikilize akikwambia vingine.

La pili halijarudi. Tangu jana nimemwomba "alikuja" mara nyingi kupita kiasi, na leo mtaalamu amenikataza kumsumbua. Lakini la kwanza limekaa. Amelisema kwa chai ilipokuwa ya moto. Amelisema kwa fundi viatu alipokuja kumpa mkono. Amelisema saa saba usingizini mchana huu.

Nilitaka nikuandikie mengi kuhusu ile mistari iliyokuwa ikirukwa, na kuhusu wewe na barabara yako ya nyuma. Siwezi sasa. Nipo jikoni na yeye yuko chumbani, na ananiita. Neno alilo nalo ni hilo moja, basi ananiita kwa hilo hilo, kumbe, kumbe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusubiri vya kutosha. Naenda.

Opereta